Mwenye Mguu Aje na Mguu

Fundi alianza kucheza vitara akiwa na miaka arobaini na saba, na kilichomwingiza humo kilikuwa kwapa.

Kwapa lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la makoti sita meupe, mazito kama maturubai, yaliyoletwa dukani kwake na mtu mrefu mwenye filimbi shingoni. Mtu huyo alisema yeye ni mwalimu wa mchezo wa vitara, ule ambao watu wawili huvaa vinyago vya waya usoni na kuchomana kwa panga nyembamba zisizo na makali, na taa ikawaka kusema nani kagusa. Makoti yote sita yalikuwa yamechanika mahali pamoja, chini ya mkono wa kulia.

"Mafundi watatu wamenirudishia," alisema Mwalimu. "Wanasema cherehani zao hazipiti."

Cherehani ya Fundi ilikuwa ya kushonea mikoba. Ilipita. Lakini baada ya wiki tatu makoti yalirudi, yamechanika pale pale.

Fundi hakuwa mtu wa kurudishiwa kazi. Siku hiyo alifunga duka mapema, akamfuata Mwalimu hadi ukumbini kuona watu wale wanayafanyia nini makwapa yao. Ukumbi ulikuwa mrefu, wenye sakafu ya mbao iliyosuguliwa mpaka inang'aa, na madirisha juu kabisa, karibu na paa. Mwalimu alimvika koti moja, akampa kitara ashike.

"Nyoosha mkono. Sasa piga hatua moja ndefu, mguu wa kulia mbele, kama unamuwahi kuku kabla hajaingia uvunguni."

Fundi alipiga hatua hiyo na mara moja akahisi mshono unavyovutwa, kutoka ubavuni kwenda begani. Akarudi dukani, akaongeza kipande cha pembe nne chini ya kila kwapa. Makoti hayakurudi tena. Aliyerudi ni yeye.

Alikwenda Jumanne, akaenda na Ijumaa, na baada ya miezi mitatu watu wa ukumbini walikuwa wamezoea kumwekea nafasi. Alikuwa mjane. Binti yake mmoja alifanya kazi mji mwingine, na jioni zilikuwa zimeanza kumzidi urefu. Binti aliisikia habari hiyo kwenye simu.

"Mama, unapigana?"

"Sipigani. Nacheza."

"Na nani?"

"Mara nyingi na mfamasia."

"Mfamasia yupi, mama?"

"Mwenye duka la dawa la pale kona. Ana mke na wajukuu wawili, na mkono wake wa kushoto ni mzito. Kuna jingine?"

Hakukuwa na jingine.

Shida ilikuwa viatu. Fundi alicheza kwa raba za turubai alizokuwa akivaa dukani, na sakafu ile haikuzipenda. Kila alipochupa mbele, raba iliteleza kipimo cha kiganja zaidi ya alivyokusudia. Mwezi wa nne raba ya kushoto ikapasuka kando ya kidole gumba, na kidole kikatokeza kuangalia mchezo.

Basi akaingia duka moja la vioo, lenye viatu vilivyopangwa kila kimoja juu ya kibao chake kama picha za ukoo. Akavutiwa na vya zambarau vyenye mistari ya njano, soli nene kama godoro.

"Hivi, mama, vinatembea vyenyewe," alisema muuzaji, akiibonyeza soli kwa kidole.

Fundi hakuwa mtu wa kununua mita moja ya kitambaa bila kukivuta, kukikunja, kukinusa na kukiinua kwenye mwanga. Viatu vile alivinunua kwa sababu ya rangi. Baadaye alisema jambo hilo lilimwaibisha kuliko kuanguka.

Maana alianguka. Ilikuwa Ijumaa, mchezo wake wa pili, na mfamasia alikuwa ameacha kifua wazi. Fundi aliiona nafasi, akachupa. Soli nene ilifika sakafuni kabla yake, ikalala ubavu, na kifundo cha mguu kikaifuata. Waliokuwa karibu walisikia mlio mdogo, kama kifungo kinachokatika shatini. Mfamasia alivua kinyago, akapiga magoti, akabonyeza hapa na pale, akasema mfupa ni mzima. Kufika asubuhi kifundo kilikuwa kimevimba ukubwa wa chungwa.

Siku kumi na mbili Fundi alikanyaga pedali ya cherehani kwa mguu wa kushoto. Mguu wa kushoto haukujua kusimama. Alivunja sindano saba, na suruali moja ya mteja ikashonwa miguu pamoja mpaka magotini kabla hajawahi kuizuia.

Mwalimu alikuja kumjulia hali. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akakiokota kiatu kimoja cha zambarau, akakigeuza geuza.

"Kiatu kizuri," alisema. "Cha kukimbia. Anayekimbia anakwenda mbele tu. Sisi tunakwenda mbele, tunarudi nyuma, tunasimama ghafla, tunatua kwa kisigino. Chetu kinatakiwa kiwe chini, karibu na sakafu. Soli iwe nyembamba na ishike. Kisigino kiwe cha mviringo nyuma, na kiwe na mto ndani. Halafu kile cha mguu wa nyuma kinaburutwa, kwa hiyo kinataka ugumu hapa, upande wa ndani, kwenye kidole gumba."

"Vipo viatu vya namna hiyo?"

"Vipo," alisema Mwalimu, na akatazama chini. "Muulize mfamasia alivyovipata."

Mfamasia alikuja navyo kesho yake, vimefungwa kwenye mfuko wa kitambaa. Vilitoka ng'ambo. Fundi alivipekua kama anavyopekua kazi ya fundi mwenzake: akachungulia ndani, akavuta ulimi, akahesabu mishono kwa ukucha.

"Wamefanya kazi," alisema. "Bei gani?"

Mfamasia akamwambia.

"Kwa bei hiyo naongeza cherehani ya pili."

"Na mke wangu alisema hivyo hivyo, ila yeye alitaja jokofu."

Alimruhusu avijaribu. Havikuingia. Fundi alikuwa na miguu mipana, na kila mguu ulikuwa na nundu kando ya kidole gumba iliyokiegemeza kidole kwa jirani yake. Kiatu cha mfamasia kilifika kwenye nundu kikagoma.

"Lakini si lazima viwe hivi," alisema mfamasia akivirudisha mfukoni. "Mimi nilipoanza nilicheza miaka miwili na viatu vya mpira wa mikono, vile vya kuchezea ndani ya ukumbi, vyenye soli ya kahawia. Nilivipata sokoni, vya mtumba, kwa mama mmoja anaitwa Mama Soli. Yule hakuuzii kiatu, anakuozesha. Asipoona mnafaana, hatoi."

Fundi alikuwa akizungushia bandeji mguuni. Mkono ukasimama.

"Namjua," alisema. "Ni wifi yangu."

"Basi si umeshapata!"

"Sijapata," alisema Fundi, akaendelea kuzungusha.

Mama Soli alikuwa dada wa marehemu mume wake. Kwa miaka ishirini wale wawili walikuwa wifi wa kutaniana, wa kuibiana vitenge na kurudishiana vikiwa vimepauka, wa kukosana asubuhi na kupika chungu kimoja jioni. Mume aliugua miezi minne. Alfajiri aliyofariki, Fundi hakuwapo hospitalini. Alikuwa ameondoka kwa saa mbili, na aliporudi kitanda kilikuwa kimeshazungushiwa pazia. Msibani, mbele ya watu, wifi alimwambia, "Umemwacha ndugu yangu afe akiutazama ukuta." Na Fundi akamjibu, mbele ya watu hao hao, "Na wewe ulikuwa wapi? Sokoni, unapanga viatu." Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miaka mitatu. Hawakuwa wamegombana tena, kwa kuwa hawakuwa wamesemeshana.

Fundi alifikiri siku mbili. Siku ya tatu akatandika mezani karatasi ya kukatia mitindo, akakanyaga juu yake, akaizungushia miguu yote miwili chaki. Akaandika urefu, upana wa mbele, upana wa kisigino na kimo cha unyayo. Kwenye nundu akaweka alama ya msalaba. Kisha akazikata nyayo kwa mkasi wake mkubwa, akazikunja, akampelekea mfamasia.

"Mpe huyo mama. Mwambie unataka viatu vya ukumbini vya vipimo hivyo. Usimwambie ni vya nani."

Mfamasia, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza siri za maradhi ya mtaa mzima, alisema hilo ni jambo dogo.

Halikuwa dogo. Kibanda cha Mama Soli kilikuwa mwisho wa safu ya viatu, jirani na muuza mikanda. Viatu vilining'inia jozi jozi kwa kamba zake, tangu darini mpaka usawa wa macho, na yeye alikaa katikati juu ya stuli ndefu, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alizipokea karatasi, akazitandaza mapajani, akazipitia kwa kidole gumba. Akafika kwenye msalaba.

"Huyu kidole kinamlalia mwenzake," alisema.

"Sijui," alisema mfamasia.

"Na wa kulia umevimba. Tazama, umezidi wa kushoto kwa kisicho kawaida."

"Sijui, mama."

"Hujui, na karatasi umeibeba wewe." Akaiinua dhidi ya mwanga. "Hii ni karatasi ya fundi cherehani. Na huu mguu, daktari, nimeuchagulia viatu tangu vya harusi. Aliyekutuma anadhani nimezeeka?"

Mfamasia alitazama mikanda ya jirani.

"Viatu havichaguliwi kwa karatasi," alisema Mama Soli. Alizikunja nyayo zile kwa kufuata mikunjo yake ya kwanza, lakini hakumrudishia. "Mwambie mwenye mguu aje na mguu."

Mfamasia aliufikisha ujumbe kama ulivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Fundi alisema hataki mtu wa kumwamrisha. Alisema soko lina wauza viatu wengine. Jumamosi aliwazungukia wengine hao, wanne, na kila mmoja alimwambia vya ukumbini akamwulize Mama Soli, maana yeye ndiye anayevichagua kwenye mzigo kabla mtu mwingine hajagusa.

Alhamisi alifunga duka saa tisa alasiri. Aliichagua saa hiyo kwa sababu miguu hutanuka mchana ukisonga, na kiatu kinachokaa vizuri asubuhi jioni huwa adui. Elimu hiyo aliipata kwa wifi yake. Alichukua na soksi ndefu za mchezo, zile nene zinazofika magotini, akaziweka kwenye mkoba.

"Hodi," alisema mbele ya kibanda.

Mama Soli alikuwa akipitisha kamba kwenye kiatu cha mtoto. Hakuinua macho. "Karibu, mteja."

Neno hilo lilimfikia Fundi mahali lilipotumwa. Hata hivyo alikaa kwenye benchi.

"Nimekuja na mguu."

"Nauona. Leta na mwenzake, au nao hawasemeshani?"

Fundi alivua viatu vyote viwili, akavaa soksi. Wifi alishuka kwenye stuli.

"Vya nini?"

"Mfamasia hakukwambia?"

"Nataka nisikie kwako."

"Vya kuchezea vitara."

"Vitara." Wifi aliivua miwani. "Umri huu."

"Umri huu."

"Na unachomwa?"

"Nachomwa sana. Na mimi nachoma, mara moja moja."

Wifi aligeuka kutazama viatu vyake vya ukutani, na alivitazama kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Mabega yalitikisika kidogo. Kama alikuwa akicheka, alikimaliza kicheko huko huko, akageuka na uso wa kazi.

Alichukua ufito wenye ndoano, ule wa kuangulia viatu vya juu, akaangua jozi ya kwanza. Akakishika kiatu mbele na nyuma, akakikamua kama nguo. Kikajinyonga mpaka katikati.

"Hiki kimechoka kiuno," alisema, akakitupa pembeni.

Jozi ya pili ilikuwa imara, lakini soli yake ilikuwa nyeusi na ngumu. "Vya uwanja wa nje. Vitachora sakafu ya watu, na mbao zitaviangusha." Ya tatu Fundi aliipenda mwenyewe, nyeupe, safi, chini kabisa. Wifi aliilinganisha na unyayo wake kwa jicho tu. "Na nundu itakaa wapi? Nje?"

Jozi ya nne alikwenda kuitoa nyuma, ndani ya gunia lisilofunguliwa kwa wateja. Ilikuwa na rangi ya karoti. Soli ilikuwa ya mpira wa kahawia, ya bapa, iliyopanda kidogo kisiginoni na kwenye kidole gumba. Wifi alibonyeza kisigino kwa ndani, akakunja mbele, akakamua. Kiatu kilikunjika vidoleni na kukataa kujinyonga katikati. Akapitisha kucha kwenye mifereji ya soli.

"Aliyekivaa alikuwa mzito, lakini hakukitoa nje. Angalia, hakuna hata chembe ya changarawe. Kiatu cha ukumbini kikishaonja barabara, soli inakuwa kioo."

"Ile rangi," alisema Fundi.

"Rangi ndiyo iliyokuangusha, nasikia."

Wifi alipiga magoti, akaushika mguu wa kulia kwa mikono miwili. Uvimbe ulikuwa umeshuka, ila chini ya kifundo ngozi ilikuwa bado na rangi ya bilinganya. Vidole vya wifi vilipita hapo polepole.

"Aliyekuuzia alikupima?"

"Hakunipima."

"Alikusimamisha?"

"Hapana."

Wifi alisonya kwa nguvu mpaka muuza mikanda akageuka. Ilimchukua Fundi muda kutambua kwamba msonyo huo ulikuwa wa muuzaji yule, si wake. Kiatu kikaingia. Kilipita kwenye nundu bila ugomvi, kikashika kisigino, na mbele kukabaki nafasi ya upana wa kidole.

"Simama. Fanya huo mchezo wenu."

"Hapa?"

"Kiatu hakijaribiwi umekaa."

Fundi alivaa na cha pili, akasimama juu ya boksi ambalo wifi alilikunjua kwenye njia ya soko, akatazama kulia na kushoto. Kisha akauomba ule ufito wa kuangulia viatu. Akakunja magoti, akanyoosha mkono, akachupa. Mtu aliyekuwa akipita na ndoo mbili alirudi hatua tatu.

"Tena," alisema wifi, ambaye alikuwa amechuchumaa, shavu karibu na ardhi, anatazama kisigino.

Akachupa tena.

"Tena. Na urudi."

Mara ya nne wifi alinyanyuka, akajipangusa magoti. "Kisigino kinakaa. Lakini ule wa nyuma unaburuta."

"Unatakiwa kuburuta."

"Basi kitatoboka hapa, ndani, kabla ya miezi sita. Kikianza kulika ulete nikiwekee ngozi, usingoje kidole kichungulie."

Fundi alikaa, akavua viatu, akauliza bei. Wifi akaitaja. Haikuwa hata sehemu ya kumi ya vile vya mfamasia. Fundi akafungua pochi, akaanza kutoa noti.

"Unafanya nini?" aliuliza wifi.

"Nalipa."

"Hiyo ni bei ya kuanzia."

"Umetaja bei, nalipa bei."

"Wanaolipa hivyo ni wapita njia." Sauti yake ilikuwa imepanda. "Miaka ishirini unakuja kwenye kibanda hiki, hujawahi kulipa bei ya kuanzia hata siku moja. Kamba za viatu tu ulinipigia kelele mpaka nikafunga kibanda. Leo unanitolea noti kama mgeni?"

"Si umeniita mteja?"

Wifi alivuta pumzi. "Sema bei yako," alisema.

"Nusu."

"Nusu! Aliyevitupa mwenyewe hakuvitupa kwa nusu."

"Vina rangi ya karoti. Nani mwingine atavinunua? Sungura?"

"Sungura hana nundu. Ongeza."

Fundi akaongeza kidogo. Wifi akashusha kidogo. Muuza mikanda alisogeza kiti chake ili asikie vizuri. Wakapanda, wakashuka, wakafika mahali ambapo zamani wangeanza kutukanana kwa kicheko, na hapo Fundi akasema, kwa sauti ile ile ya kupatana bei:

"Nilikwenda kuchukua shuka."

Wifi alikuwa ameanza kufunga kamba za viatu pamoja. Aliendelea kufunga.

"Lile la hospitali lilikuwa linamwasha," alisema Fundi. "Usiku mzima alikuwa akilisema. Kulipokaribia kucha nikaenda nyumbani kulichukua la pamba. Saa mbili."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Ulipoingia nalo mkononi, nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa nimefika dakika kumi kabla yako, na yeye ameshakwenda."

"Mbona ulisema vile, basi? Mbele ya watu?"

Wifi alikaza fundo, akalifungua, akalikaza tena.

"Kwa sababu mimi sikuwa hata na shuka," alisema. "Wiki nzima sikuwa nimekwenda kumwona. Mzigo ulikuwa umeingia. Nilijiambia nitakwenda kesho. Ulichonijibu msibani kilikuwa kweli."

Muuza mikanda aligundua kwamba kuna mikanda aliyokuwa hajaipanga, akaingia ndani kuipanga.

Hawakulia. Fundi baadaye alimwambia binti yake kwamba alitegemea angehisi kitu kikubwa, lakini alichohisi ni uchovu, kama wa mtu aliyetua ndoo na bado hajanyoosha shingo. Walikaa kwenye benchi moja. Mteja mmoja alisimama, akauliza viatu vya shule, akaambiwa arudi kesho.

"Theluthi mbili," alisema wifi mwishowe.

"Na soksi jozi moja juu."

"Chukua. Unaniua."

Fundi akalipa theluthi mbili.

Mashindano ya ukumbi yalikuwa Jumamosi moja, wiki tano baadaye. Hayakuwa makubwa, watu ishirini na wawili, na meza ya waamuzi iliyoazimwa darasani. Wifi alikuja bila kualikwa. Alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, na muda wote aliwatazama wachezaji kuanzia magotini kushuka chini.

Fundi alikuwa na michezo mitano. Wa kwanza alichomwa tano kwa moja na mwanafunzi wa chuo mwenye mikono mirefu. Wa pili na wa tatu hakufanya vizuri zaidi ya hapo. Wa nne alikutana na dereva wa lori, mama wa makamo kama yeye, na wakafika nne kwa nne. Dereva alimkimbilia ili amalize. Fundi alirudi hatua mbili, akasimama ghafla, akachupa. Kisigino cha kulia kikatua, kikakaa pale pale kilipotua. Taa ya upande wake ikawaka. Ilimbidi amtazame Mwalimu ili aamini.

Mchezo wa tano alishindwa na mfamasia, ambaye alimwomba radhi baadaye.

Wifi alimkuta anavua soksi.

"Yule dereva viatu vyake vimekwisha kisigino cha nje," alisema. "Mwambie aje."

"Nimeshinda mmoja," alisema Fundi. "Uliona?"

"Niliona kisigino kikikaa." Akainama, akakishika kiatu cha kushoto, akakitazama upande wa ndani. "Kimeanza kulika. Nilisema miezi sita, wewe wiki tano. Unaburuta mguu kama unakwenda polisi."

Ngozi iliwekwa Jumatatu, baada ya mabishano. Wifi alitaka gundi na misumari midogo. Fundi alisema msumari kwenye sakafu ile ni uchokozi, akataka mshono wa mkono kwa uzi uliopakwa nta. Waliketi dukani kwa Fundi, kiatu mezani kati yao, kila mmoja akimweleza mwenzake kwa nini hajui kazi. Mwishowe walitumia gundi na uzi. Walimtaja marehemu mara mbili siku hiyo, mara zote kwa kucheka, kwamba yeye alikuwa akivaa viatu mpaka vikamwomba talaka.

Hawakurudi kuwa kama zamani. Zamani walikuwa wakiingiliana nyumbani bila hodi, sasa walibisha. Fundi alikwenda sokoni siku za Alhamisi, wifi alikuja dukani siku moja moja, na kuna majuma yaliyopita bila wao kuonana. Binti alipouliza kama wamepatana, Fundi alisema wanasemeshana, na kwamba kusemeshana kunatosha kwa kuanzia.

Mwalimu ndiye aliyenufaika haraka. Watu wa ukumbini waliona viatu vya karoti, wakauliza, na ombi likapelekwa sokoni: Mama Soli aje siku moja na mzigo wake, awapime wote, maana zaidi ya nusu walikuwa wakicheza na vya kukimbilia. Alikuja Jumapili na magunia mawili na stuli yake. Alimkalisha kila mtu, akamvua soksi, akamsimamisha, akamwambia achupe, huku Fundi ameshika karatasi anaandika vipimo. Kufikia saa kumi alasiri alikuwa amewavisha watu tisa. Mwanafunzi wa chuo na mwenzake mmoja aliwarudisha nyumbani bila viatu, wakakate kucha kwanza.